Nyumba ya matumbawe Bagamoyo: chokaa, saruji, kubakiza uso au kubomoa?

Mchanga unapoanza kudondoka kutoka darini usiku, ndipo ukoo huitana. Katika Mji Mkongwe wa Bagamoyo kikao hicho kina sauti zilezile. Mmoja anataka fundi aje na mifuko kumi ya saruji ayamalize. Mwingine anasema tubomoe, tujenge ghorofa, tupangishe. Wa tatu amesikia habari za chokaa lakini hajui inaanzia wapi, na wa nne anataka uso wa mbele na mlango wake wa kuchongwa ubaki kwa ajili ya wageni, nyuma pajengwe kisasa. Njia zote nne zinawezekana, ila hazilingani, na iliyo nyepesi kuliko zote mwanzoni ndiyo inayoiua nyumba upesi.

Tuseme mapema tunakoegemea. Kama ukuta bado umesimama wima, chokaa. Kama umekwisha, bomoa kwa kibali na kwa moyo mweupe. Kuupiga ukuta wa matumbawe lipu ya saruji ni kulipa mara mbili: sasa kwa fundi wa lipu, na baada ya masika kadhaa kwa fundi wa kuibandua.

Ujue ukuta wako kwanza

Ukuta wa nyumba hizi una unene wa sentimita 50 hadi 60, lakini haukupangwa jiwe juu ya jiwe kama bloku. Una nyuso mbili za vipande vya matumbawe, na katikati pamejazwa vipande vidogo, chokaa, mchanga na mara nyingi udongo mwekundu. Chini hakuna tabaka la kuzuia unyevu. Maji ya ardhini hupanda ndani ya ukuta kama mafuta ya taa kwenye utambi, yakafika nusu mita, pengine mita nzima, kisha yakatokea kwenye lipu ya chokaa na kukaushwa na upepo wa bahari. Ukuta huo umeishi miaka mia na zaidi kwa kupumua hivyo.

Dari na sakafu ya juu zimebebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti, mita 2.5 hadi 3 hivi, ndio ulioamua upana wa vyumba, na ndiyo maana vyumba vya kale ni virefu na vyembamba. Vichwa vya boriti vimezama ndani ya ukuta. Boriti huozea kichwani huku katikati ikiwa ngumu kama chuma, kwa hiyo anayeigonga katikati na kusema "bado nzima" hajapima kitu.

Upimaji wenyewe hauhitaji mashine. Chukua bisibisi, uisukume kwa mkono pale boriti inapoingia ukutani. Ikizama zaidi ya sentimita mbili, kichwa hicho kimeoza. Gonga lipu kwa mpini wa nyundo ukitembea ukuta mzima. Panapolia kama mtungi mtupu, lipu imeachana na jiwe. Teremsha timazi, kamba yenye uzito mwishoni, kutoka juu ya ukuta hadi chini, uandike umekengeuka kiasi gani. Penye ufa, bandika kipande chembamba cha kioo kwa gundi kali, kivuke ufa, na uandike tarehe kando yake. Kikivunjika kabla ya masika kuisha, ukuta bado unatembea na hakuna lipu itakayouzuia. Kikibaki kizima hadi baada ya vuli, ufa huo ni wa zamani, umeshatulia.

Halafu utazame juu na chini. Juu ni paa: bati linatakiwa litokeze nje ya ukuta angalau sentimita 60, na maji yake yasishukie mguuni mwa ukuta. Chini ni mtaa: je, barabara imeinuliwa kifusi juu ya kifusi hadi ikapita kizingiti cha mlango? Nyumba nyingi zinazosemwa zimezeeka zinaumwa maji ya aina hizi mbili tu. Ukarabati wowote unaoanzia kwenye lipu kabla ya paa na mtaro ni pesa iliyomwagwa.

| Njia | Muda wa kazi | Pesa inakokwenda | Kinachoharibika kwanza |
|---|---|---|---|
| Chokaa | Miezi mingi, kiangazi kwa kiangazi | Mikono ya mafundi na subira | Lipu ya chini, ambayo hurudiwa |
| Saruji | Wiki chache | Mifuko ya saruji | Vichwa vya boriti, bila kuonekana |
| Kubakiza uso | Mwaka au zaidi | Mihimili, mhandisi, msingi | Ukuta wa mbele wakati wa kuchimba |
| Kubomoa | Mwaka au zaidi | Kibali, kifusi, msingi, nondo | Ubaridi wa nyumba na thamani ya mtaa |

Saruji: kwa nini inapendeza na kwa nini inaua

Ubaya wake hauonekani mwaka wa kwanza. Fundi anapiga lipu Jumatatu, Ijumaa imeshapakwa rangi, ukuta umenyooka kama karatasi. Maji ya ardhini, lakini, hayajaambiwa kwamba nyumba imekarabatiwa. Yanapanda kama kawaida, yanakuta lipu ya saruji imeziba njia ya kutokea, basi yanaendelea kupanda. Palipokuwa na unyevu hadi usawa wa goti, sasa unafika usawa wa bega, na hatimaye unavifikia vichwa vya boriti. Chumvi ya bahari inasafiri na maji hayo. Yanapokauka nyuma ya lipu, chumvi hugeuka chembe zinazotanuka na kulisukuma jiwe.

Dalili yenyewe ni hii. Karibu sentimita 80 kutoka sakafuni rangi inavimba kama chapati kwenye kikaango. Ukiibonyeza kwa kidole inapasuka, na ndani kuna unga mweupe. Onja ncha ya kidole, ni chumvi. Wiki zinazofuata bamba zima la saruji linadondoka, na mgongoni mwake limeng'ang'ania jiwe la matumbawe lenye unene wa vidole viwili. Hapo ndipo hasara ilipo. Lipu ya chokaa ikichoka hudondoka peke yake. Saruji ni ngumu kuliko ukuta ulioibeba, kwa hiyo inapoanguka inaondoka na ukuta.

Jambo la pili ni mwendo. Nyumba za chokaa hucheza kidogo kila mwaka, ardhi ikilowa na kukauka. Chokaa huufuata mwendo huo, na nyufa ndogondogo hujifunga zenyewe, kwa sababu maji ya mvua huyeyusha chokaa kidogo na kuiacha ndani ya ufa. Saruji haichezi. Hupasuka mstari mmoja mrefu, na mstari huo hunywa mvua. Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa nyumba hizi, ukiuziba kwa saruji ndipo utakapoujenga.

Dari ya zege nayo huletwa kama dawa ya boriti zilizooza. Watu hudhani tatizo lake ni uzito tu. Zege la sentimita 15 lina kilo 360 hivi kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita 3 kwa 5 kinabeba tani 5.4. Ni nzito kweli, lakini sakafu ya kale yenye mawe na chokaa ya sentimita 20 haipungukiwi sana na hapo. Tatizo liko kwingine. Ili kuliegemeza zege, mafundi huchonga mfereji kuzunguka ukuta mzima na kukata ule uso wa ndani uliokuwa unashikana na wa nje. Kisha nondo zinalazwa karibu na uso wa zege, mita chache kutoka baharini, bila kufunikwa sentimita 4 zinazohitajika. Chumvi inaingia, kutu inaanza, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi mara kadhaa ya chuma kilichokuwepo, zege linapasuka kutoka tumboni.

Kama nyumba imeshapigwa saruji, usikimbilie kuibandua yote kwa siku moja. Ibandue kuanzia chini hadi usawa wa mita 1.2, ndani na nje, wakati wa kiangazi, uache ukuta ukauke miezi mitatu au zaidi. Iliyoshikana sana na jiwe, iache. Kuing'oa kwa nguvu kunaharibu kuliko kuiacha.

Neno kwa anayesoma haya akiwa Tanga: majengo ya katikati ya mji wa Tanga si ya aina moja. Yapo ya matumbawe, na yapo yaliyojengwa kwa saruji tangu msingi. Kwaruza ungio kati ya mawe kwa msumari. Ukichota unga laini mweupe au wa rangi ya udongo, ni chokaa, na yote yaliyosemwa hapa yanakuhusu. Msumari ukiteleza na kuacha mstari wa kijivu, nyumba ilizaliwa na saruji, nayo ikarabatiwe kwa saruji.

Chokaa: kazi ya polepole, hesabu yake ni nyepesi

Chokaa hupatikana kwa kuchoma jiwe la chokaa hadi karibu nyuzi 900. Zamani pwani yote ilichoma matumbawe kwa magogo ya minazi na mikoko. Leo kuvunja matumbawe hai baharini ni kuharibu mazalia ya samaki, na hakuna haja: mkoa wa Tanga una mawe ya chokaa tele nchi kavu, mapango ya Amboni yenyewe yamechongwa na maji ndani ya jiwe hilo.

Dukani kuna mitego. Chokaa ya kilimo na ile ya kuchanganya kwenye chakula cha kuku mara nyingi ni jiwe lililosagwa tu bila kuchomwa. Ukijengea haitashika hata ukiombea. Chokaa ya unga iliyochomwa na kuzimwa, yaani kutiwa maji baada ya kuchomwa, ni sawa, mradi mfuko haukukaa sana. Mfuko ukiwa na mabonge magumu, umeshavuta hewa, umekufa. Unga mzuri loweka kwa maji angalau siku nzima kabla ya kuchanganya, utakuwa laini zaidi kwenye mwiko.

Iliyo bora ni kununua chokaa iliyochomwa ambayo haijazimwa, ukaizima mwenyewe. Chimba shimo au tumia pipa la chuma, la plastiki linaweza kuyeyuka. Tia maji kwanza, kisha ongeza chokaa kidogokidogo. Usifanye kinyume, maana maji machache juu ya chokaa nyingi hulipuka na kurusha uji unaochemka. Vaa miwani na glavu, na ndoo ya maji safi iwe karibu. Chokaa ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi na uende hospitali papo hapo. Ikishatulia, ichuje, uiache chini ya maji yenye kina cha sentimita 5 au 10. Miezi mitatu ndiyo kiwango cha chini. Ikiwa tayari inakuwa kama siagi.

Mchanganyiko wa lipu ni ndoo moja ya chokaa hiyo kwa ndoo tatu za mchanga. Mchanga uwe wa shimo au wa mto, wenye chembe kubwa na ndogo. Wa ufukweni una chumvi, onja. Tia mchanga nusu chupa ya plastiki, jaza maji, tikisa, uiache saa moja: tope la juu likizidi sehemu moja ya kumi, uoshe mchanga au uutafute mwingine. Usiongeze maji hovyo. Chokaa yenyewe ina maji ya kutosha, kinachohitajika ni kupondaponda kwa koleo na kukanyaga hadi itoe ulaini. Chota kwa mwiko, ugeuze mwiko juu chini: mchanganyiko ukining'inia bila kudondoka, uko tayari.

Hesabu ya vifaa: ukuta wa mita 10 za mraba, lipu ya matabaka matatu ya milimita 10, unahitaji lita 300 za mchanganyiko. Chokaa hujaza nafasi kati ya chembe za mchanga, kwa hiyo kipimo cha mchanga ndicho kipimo cha mchanganyiko: lita 300 za mchanga, yaani ndoo 15 za lita 20, na ndoo 5 za chokaa. Ongeza ndoo mbili za mchanga na moja ya chokaa kwa ajili ya mashimo na kinachodondoka.

Kazi yenyewe: lowesha ukuta jioni ya jana na asubuhi ya leo. Ukuta mkavu hunyonya maji ya lipu na kuiacha unga. Mashimo yenye kina yajazwe kwanza kwa vipande vya matumbawe na chokaa, yakae wiki. Kila tabaka lisizidi milimita 10 hadi 12. Tabaka la kwanza likwaruzwe ili la pili lishike, na kati ya moja na jingine pita wiki moja hadi mbili. Siku zote hizo ning'iniza magunia mbele ya ukuta, uyanyunyizie maji asubuhi na jioni. Chokaa haigandi kwa kukauka. Inaganda kwa kuvuta hewa ikiwa na unyevu, na hufanya hivyo milimita moja hivi kwa mwezi. Jua la kaskazi likiipiga siku ya pili, hupasuka vipande kama tope la bwawa lililokauka, na fundi atasema chokaa ni mbovu. Chokaa haina kosa, magunia hayakuwekwa.

Mwisho ni kupaka. Chokaa iliyochujwa na maji hadi iwe kama maziwa, mikono minne au mitano myepesi, kila mmoja baada ya siku. Wengi hutia chumvi ili isichafue nguo. Kwa ukuta ambao tayari una chumvi ndani, acha. Rangi za plastiki pia ziache, kwani nazo huziba, polepole kuliko saruji lakini huziba.

Ubaya wa chokaa? Lipu ya chini, ile nusu mita ya kwanza, itachoka kila baada ya miaka michache. Hiyo ndiyo kazi yake, kubeba chumvi na kudondoka badala ya jiwe. Anayetaka nyumba asiyoigusa miaka ishirini asichague njia hii. Mafundi wanaoijua ni wachache, na fundi wa saruji aliyekubali chokaa kwa shingo upande hutia mfuko wa saruji usiku "ili ishike". Simama naye siku tatu za kwanza.

Boriti zilizooza vichwa hazilazimishi dari nzima kushushwa. Boriti moja mbovu kati ya nzima huondolewa na kuwekwa nyingine, kwa kuitegemeza sakafu kwa mihimili pande zote mbili. Mikoko haikatwi bila kibali, kwa hiyo wengi sasa hutumia mbao ngumu ya inchi 4 kwa 6 iliyotiwa dawa, kichwa chake kikiachiwa nafasi ya hewa ya vidole viwili ndani ya ukuta. Bafu usiliweke juu ya sakafu ya boriti. Nyumba za wageni hulipenda, na ndilo linalozimaliza: tone moja kwa dakika chini ya kigae halionekani na mtu hadi sakafu ishuke. Bafu liwe uani, kwenye kijengo chake, na bomba zipite nje ya ukuta zikionekana. Hata maji ya kiyoyozi yaelekezwe kwa mpira hadi kwenye mtaro. Mpira mfupi unaodondoshea ukutani huchora mstari wa kijani, na nyuma ya mstari huo jiwe linageuka uji.

Kubakiza uso, kujenga nyuma

Njia hii husifiwa kama suluhu ya pande zote. Kwenye karatasi ni nzuri: mtaa unabaki na sura yake, mwenye nyumba anapata vyumba vyake. Kwa utendaji ni ghali kuliko zote, na hatari yake ipo siku za mwanzo. Ukuta wa mbele ulikuwa umeshikwa na kuta za vyumba na boriti. Ukiziondoa unabaki umesimama peke yake, mita 6 au 7 kwenda juu, nao haukujengwa usimame hivyo. Mihimili ya chuma au mbao iwekwe pande zote mbili kabla ya jiwe la kwanza la nyuma kuondolewa.

Msingi ni mtego wa pili. Misingi ya kale ni mifupi, mara nyingi haifiki mita moja. Ukichimba mfereji wa nguzo mpya kando yake ukapita kina hicho, ardhi ya chini ya ukuta inamwagikia shimoni. Nguzo mpya zikae mita moja au zaidi nyuma ya ukuta wa kale, na shimo lichimbwe vipande vya mita moja moja kwa kurukaruka, kipande kijazwe zege kabla ya jirani yake kufunguliwa. Jengo jipya lisiegemee ukuta wa kale wala kuunganishwa nao kwa zege. Viwiko vya chuma cha pua vyenye kuruhusu mwendo vinatosha.

Kama huna uwezo wa kumlipa mhandisi awepo kila wiki, iache njia hii. Na mlango wa kuchongwa usiutoe "kwa muda". Fremu ikishang'olewa mawe ya pembeni hulegea, na milango ya namna hiyo ikitoka nje ya nyumba ina tabia ya kutorudi.

Kubomoa

Hakuna dhambi katika kubomoa nyumba iliyokwisha. Ukuta uliojitenga katikati, uso wa nje ukavimba kama tumbo, na kioo kikavunjika kila masika, ni hatari kwa wapita njia. Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib ya Zanzibar, jengo la 1883, ilianguka na kuua watu. Mawe ya chokaa yakishaachana hayatoi taarifa ndefu.

Ila hesabu faida kwa uaminifu. Nyumba ya mita 10 kwa 12 yenye kuta za nje za sentimita 55 inakupa ndani mita za mraba 97. Kwa bloku za inchi 6 utapata 113 na nusu. Unachovuna ni mita 16 na nusu, chumba kimoja kizuri, kwa kila ghorofa. Unachopoteza ni ubaridi: ukuta mnene hupokea jua la mchana na kuuachia joto usiku wa manane likiwa limepungua makali, wa bloku umeshaungua saa tisa alasiri, na umeme wa kiyoyozi unalipwa kila mwezi. Kifusi nacho kina bei. Ukuta mmoja wa mita 10, wenye kimo cha mita 4, una mita za ujazo 22. Ukishabomolewa unavimba hadi karibu 30, yaani safari sita za tipa la mita 5. Mawe mazima yatenge. Majirani wanaokarabati watayahitaji, na hayachimbwi tena.

Upo pia upande wa mji. Bagamoyo ilikuwa makao ya utawala wa Wajerumani hadi 1891, yalipohamia Dar es Salaam. Boma la 1897, Ngome Kongwe, nyumba za Mtaa wa India, vyote vilibaki kwa sababu pesa ya kuvibomoa na kujenga upya ilikwenda kwingine. Leo Dar ni kilomita 70 hivi kwa lami, na viwanja vimepanda. Mgeni anayelala Bagamoyo haji kutazama ghorofa la vioo, analo kwao. Nyumba moja ikibomolewa hasara inagawanywa mtaa mzima, faida anaichukua mmoja.

Nyumba ikiwa imeshaanguka: bustani

Viwanja vyenye kuta nusu na majani havina lazima ya kujengwa. Bustani ya Forodhani kule Unguja, iliyokarabatiwa na kufunguliwa tena 2009, na ile ya ufukweni Tanga penye mnara wa saa, zinaonyesha watu wa pwani wanataka nini jioni: kivuli, mahali pa kukaa, taa na mtu wa kuuza mishikaki. Kiwanja cha mita 10 kwa 12 kinatosha kwa hayo kikipangwa vizuri.

Kuta zilizobaki zitegemezwe au zipunguzwe, juu zivikwe kofia ya chokaa na vipande vya mawe yenye mteremko, unene wa sentimita 5 hadi 10, mvua isiingie katikati. Miche ya mkuyu na ndugu zake iliyoota ukutani ing'olewe ikiwa midogo. Iliyokwishakuwa mti ikatwe shina, mizizi iachwe ife ndani, kwa sababu kuivuta ni kuubomoa ukuta. Mti wa kivuli upandwe mita 5 kutoka ukuta wowote, na kwa kiwanja hiki maana yake ni mti mmoja, katikati. Mkungu au mwembe; mvinje ni wa ufukweni. Baraza za kukalia kimo sentimita 45, upana 50. Kabla ya yote hayo, mtaro, na mahali pa muuza chakula kumwaga maji ya vyombo. Bustani nyingi hufa kwa harufu kabla ya kufa kwa ukame.

Halmashauri inapotandika bloku za barabarani jambo hilohilo linahusika: acha ukanda wa kokoto wa sentimita 30 hadi 50 kati ya bloku na ukuta wa kale. Zege au bloku zikigusana na ukuta, unyevu wa mtaa mzima unatafuta pa kutokea, nao unapata nyumba ya mtu.

Karatasi

Nyumba ya urithi haina mwenye kuamua mpaka mahakama itoe barua ya msimamizi wa mirathi. Bila barua hiyo hakuna kibali wala mkopo. Ya wakfu haiuzwi, ila yaweza kukarabatiwa na kupangishwa kwa masharti ya wakfu wenyewe. Ndani ya Mji Mkongwe, kibali cha ujenzi cha halmashauri hakitoshi peke yake: majengo ya kale yako chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, hivyo Idara ya Mambo ya Kale ionwe kabla fundi hajagusa kitu, hata kwa lipu. Nenda na picha za kila ukuta, vipimo, na zile tarehe za vioo. Anayekwenda na maneno matupu hurudishwa.

Kalenda

Chokaa ikizimwa mapema Machi, inakaa chini ya maji masika yote na kuwa tayari Juni. Juni hadi Septemba ni miezi ya kazi za nje. Paa na mtaro viwe vimekwisha kabla ya vuli ya Oktoba. Kama kikao cha ukoo hakijakubaliana hadi Machi ijayo, zimeni chokaa hata hivyo. Ikiwa imefunikwa maji haiharibiki, na mwaka wa pili inakuwa laini zaidi.